Lami imefika, kisima kimekufa: pesa za Kaskazini hukwama wapi?

Swali la msomaji: Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kimoja upande wa Laisamis, Kaunti ya Marsabit. Barabara ya lami ya kwenda Moyale iko mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka kwetu. Malori yaliyobeba mitambo ya umeme wa upepo tuliyaona yakipita. Kisima chetu kilizinduliwa kwa ngoma na nyama, kikafanya kazi miaka mitatu, kisha pampu ikaungua, na huu ni mwaka wa pili tunangoja maji ya lori. Kila kiongozi akija anatuambia kwamba tangu ugatuzi Kaskazini imepata pesa nyingi kuliko miaka 50 yote iliyotangulia. Je, ni uongo? Na kama ni kweli, mbona sisi bado tunafuata maji kwa punda? Tudai nini, na kwa nani?

Jibu: Ndugu Katibu, viongozi wako hawakudanganyi, na wewe hujakosea. Pesa zimekuja Kaskazini kwa kiasi ambacho wazazi wetu hawakukiota, na kisima chako kimekufa kweli. Nimefanya kazi ya mipango na bajeti katika kaunti mbili za huko kwa miaka kadhaa, na nimeona visima kama chako vikifa kwenye karatasi za bajeti kabla hata havijachimbwa. Hilo ndilo nitakalokueleza. Nivumilie tu nianzie mbali kidogo, maana kilichokupata kina asili yake.

Mwingereza aliifunga Kaskazini. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni ilimpa uwezo wa kuzifanya wilaya zilizofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Hakuwa na haja ya reli, shule wala soko kule. Alitaka ardhi ya kumtenganisha na Wahabeshi na Waitaliano. Uhuru ulipokuja 1963 ulikuja pamoja na vita vya Shifta, vya waliotaka Kaskazini ijiunge na Somalia, na hali ya hatari, na sheria za hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki hazikufutwa hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifika umri wa miaka 28 kabla ya kutawaliwa kwa sheria zile zile zilizomtawala mwenzake wa Nyeri.

Kisha kuna ule Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 wa sera ya uchumi, uliotoka Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Wengi huutaja kwa hasira bila kuusoma. Aya ya 133 ina hesabu ambayo kila mpangaji anapaswa kuijua. Pauni milioni 1 ikiwekezwa sehemu fulani inaongeza pato kwa pauni 20,000. Ikiwekezwa sehemu nyingine inaongeza 100,000. Basi, unasema waraka, iwekeni kule kwenye 100,000, nchi ipate ile ziada ya 80,000, na nchi ikishapata ndipo itakuwa na uwezo wa kuisaidia ile sehemu ya kwanza kwa ruzuku na mikopo nafuu. Na sehemu inayostahili ikaelezwa: yenye ardhi nzuri na mvua, yenye usafiri na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo.

Ugomvi wangu na waraka huo ni kwamba nusu ya kwanza ya hesabu ilitekelezwa na nusu ya pili ikaachwa. Pesa zilifuata mvua na reli. Ile ruzuku ya kurudi haikurudi. Ndiyo maana kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo, na ndiyo maana hadi leo utamsikia mtu wa Marsabit au Wajir akipanda basi la Nairobi akisema "naenda Kenya". Mgeni hucheka akisikia maneno hayo. Mimi nilipoyasikia mara ya kwanza kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akimpeleka mwanawe hospitali, sikuweza kucheka.

Mambo yalianza kugeuka 2008, serikali ya muungano ilipounda wizara maalumu ya kuendeleza Kaskazini na maeneo mengine kame, chini ya Mohamed Elmi. Wizara hiyo haikudumu, lakini ilituachia sera ya 2012 iliyoutambua ufugaji wa kuhamahama kuwa uchumi wenye akili yake. Katiba ya 2010 ikafanya kazi kubwa zaidi. Kaunti zilipoanza 2013 zilipewa mgao kwa kipimo kilichoandikwa, kila mtu akikiona: asilimia 45 kwa idadi ya watu, 25 ikigawanywa sawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa eneo na 2 kwa nidhamu ya matumizi. Kwa kaunti yako, ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu 459,785 wakiishi katika karibu kilomita mraba 71,000, hicho kilikuwa kipimo cha kuokoa. Wajir na Mandera mjini ziliona lami yao ya kwanza katika miaka ile. Mtu aliyekulia Nairobi hawezi kujua uzito wa jambo hilo.

Wakati Seneti ilipokwama kwa wiki kadhaa mwaka 2020 juu ya kipimo kipya, kelele za "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" zilikuwa zinakulenga wewe, Katibu. Ukigawa kwa vichwa tu, kaunti yenye watu sita kwa kila kilomita mraba inapewa pesa za kutibu watu lakini haipewi pesa za kuwafikia. Mkwamo ule uliisha Septemba kwa kukubaliana kwamba fungu lote la kaunti lipandishwe hadi shilingi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti ya kupunguziwa. Jueni tu kwamba mjadala huo hurudi kila baada ya miaka michache, na kila ukirudi upande wenu una kura chache.

Sasa tuje kisimani.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itumie angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Nia ya waliotunga ilikuwa njema: waliogopa magavana watakula pesa zote kwa mishahara na magari. Lakini katika lugha ya wahasibu, maendeleo ni kitu kinachojengwa au kununuliwa. Kisima kipya ni maendeleo. Tangi ni maendeleo. Dizeli ya jenereta, mshahara wa fundi, vipuri vya kila siku na mafuta ya gari la fundi vinaingia kwenye matumizi ya kawaida, na huko mishahara hukaa mezani kwanza. Kwa hiyo tuna sheria inayoisukuma kaunti kujenga, lakini hatuna sheria inayoilazimisha kutenga hata senti ya kukiweka hai kilichojengwa. Mwakilishi wadi naye anajua kwamba hakuna anayekatiwa utepe kwa kubadilisha mpira wa pampu.

Linganisha na ile barabara. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Kenya ina tozo ya matengenezo ya barabara. Ilikuwa shilingi 18, ikapandishwa hadi 25 katikati ya 2024. Tozo hiyo ikusanywe vizuri au vibaya, ipo, ina hazina yake na bodi yake. Lami ya Laisamis ikitoboka, kuna mtu nchini ambaye kazi yake kisheria ni kujua hilo, na kuna chungu cha pesa cha kuliziba. Kisima chako hakina tozo wala chungu. Kina kamati ya watu wa kujitolea na daftari.

Nikueleze hesabu ya kisima kama ninavyoijua, ingawa wewe unaijua kwa mwili. Kukichimba ni kazi ya wiki chache. Mwanakandarasi analeta mtambo, anashuka mita 100, 150, pengine 200 na zaidi, anaweka mabomba, pampu ya kuzama, jenereta au paneli za sola, tangi, na birika la kunyweshea mifugo. Siku ya uzinduzi kila kitu kinang'aa. Kuanzia kesho yake mambo mawili yanakila. Kwanza ni chumvi. Maji mengi ya huko yana chumvi, na mabomba ya chuma hayaipendi. Pili ni kiangazi. Kiangazi kikikaza, wafugaji wanamiminika kutoka kila upande, na pampu iliyopangiwa kufanya kazi saa nane kwa siku inakeshezwa. Maji ya chini yanashuka, pampu inavuta hewa, mota inaungua. Ikiungua haitolewi kwa mikono; linahitajika gari lenye winchi la kuinua mabomba yote, na gari hilo liko Marsabit mjini linangoja mafuta, au liko kijiji kingine kilicho mbele yenu kwenye foleni. Visima hufa siku zile zile vinapohitajika zaidi, kwa kuwa kiangazi chenyewe ndicho kinachoviua.

Pesa za kamati nazo zina msimu. Wakati wa kiangazi mnatoza kwa kichwa cha ngamia, cha ng'ombe, cha mbuzi, na sanduku linajaa. Mvua ikinyesha, laga (mito ya msimu) na silanga (mabwawa ya mvua) zinajaa, mifugo inakwenda fora, yaani malisho ya mbali, hakuna anayekuja kisimani, na sanduku linakauka. Mtambo unalala miezi. Betri ya jenereta inakufa, panya wanatafuna nyaya. Kamati nyingi nilizozifahamu zilimaliza pesa za kiangazi kabla ya kiangazi kilichofuata, na mara nyingi hakukuwa na mwizi: palikuwa na karo ya mtoto wa fulani, mgonjwa wa kukimbizwa, mazishi. Basi mota ikiungua Februari mnakimbilia kaunti, na Februari ndipo utakuta mgao wa kutoka Nairobi umechelewa na mhasibu analipa mishahara ya Desemba.

Hapo ndipo linapokuja lori la maji. Lori hulipwa kutoka kifungu cha dharura, na kifungu cha dharura hufunguka haraka kuliko kifungu cha matengenezo, kama hicho cha matengenezo kipo. Niliwahi kukaa katika kikao ambapo tulipiga hesabu na kukuta kwamba maji ya lori ya kijiji kimoja kwa miezi minne yaligharimu zaidi ya pampu mpya na kazi ya kuiweka. Kila mtu mezani alikubali. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuhamisha pesa kutoka kifungu kimoja hadi kingine kabla ya bajeti ya nyongeza, na bajeti ya nyongeza ilipofika mvua ilikuwa imenyesha, jambo likasahauliwa. Kijiji kile kilirudi kwenye foleni ya malori mwaka uliofuata. Bado linanikera.

Na haya si mambo ya kushtukizwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikisema kama tuko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na nchi ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Misimu mitano ni muda mrefu. Mafundi wangeweza kuzunguka visima vyote vya kaunti, kubadilisha mabomba yaliyooza na kupima mota, wakati taarifa bado inasema tahadhari. Kaunti inayoandika katika bajeti yake kwamba tahadhari ikitangazwa fungu la ukarabati linafunguka bila kungoja kikao, hiyo ndiyo ninayoiita kaunti iliyowekeza katika maji, hata ikiwa haikuchimba kisima kimoja kipya mwaka huo.

Wenzetu wa Turkana wana kisa kinachopaswa kutufundisha tahadhari na matangazo makubwa. Septemba 2013 dunia nzima ilitangaziwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna maji yanayokadiriwa kufika mita za ujazo bilioni 200. Magazeti yaliandika kwamba kiu ya Kenya imekwisha. Uchunguzi uliofuata ulikuta chumvi, maji yasiyofaa kunywa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Miaka yote hiyo ya kusubiri bahari ya chini ya ardhi, visima vya kawaida vya Turkana viliendelea kuharibika na kungoja fundi kama chako.

Barabara ya Isiolo hadi Moyale naitetea, na sitaki mtu atumie maneno yangu kuidharau. Ni zaidi ya kilomita 500, ilijengwa kwa vipande kwa karibu miaka kumi kwa pesa za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya. Waliosafiri kabla ya hapo wanakumbuka safari za siku mbili tatu juu ya lori la ng'ombe, magari yakienda kwa msafara na polisi wenye bunduki mbele na nyuma. Leo mgonjwa wa Marsabit anaweza kulala Nairobi siku aliyotoka. Mbuzi anafika sokoni akiwa na nyama yake. Lakini barabara ile ilichorwa kuunganisha Nairobi na Ethiopia, nanyi mko kati. Faida yake kwenu inategemea vile vijia vya saa mbili kwa pikipiki vinavyoiingia, na hivyo ni vya kaunti, havina mfadhili wala picha kwenye magazeti.

Umeme wa upepo ni mfano mkali zaidi. Mitambo 365 imesimama Sarima, upande wa Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Ili ifike, barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa upya. Hayo ndiyo malori mliyoyaona. Mitambo ilikuwa tayari 2017, lakini laini ya kupeleka umeme Suswa kule Narok, zaidi ya kilomita 400, ambayo ilikuwa wajibu wa serikali, ikachelewa hadi Septemba 2018, na mwenye mitambo ikabidi alipwe fidia kwa upepo uliovuma bure. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi Julai 2019. Laini yenyewe ni ya volti 400,000. Huwezi kuichomoa waya kijijini kama unavyochomoa kwenye transfoma ya barabarani. Unahitaji kituo cha kupozea umeme chenye gharama ya mamilioni mengi. Mtu akikwambia nguzo zimepita karibu kwa hiyo umeme utafuata, mwulize kituo cha kupozea kiko kwenye bajeti ya mwaka gani. Kwa vijiji kama chenu njia ya karibu ni mtambo mdogo wa sola wa kijiji kizima, na serikali ina mpango wa namna hiyo kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Marsabit ikiwamo. Huko nako uliza swali lile lile la kisima: fundi ni nani, na vipuri viko wapi?

Zahanati na shule nitazipitia haraka, kwa kuwa ugonjwa wao ni ule ule. Jengo hupatikana, mtu wa kukaa ndani yake ndiye shida. Basi lililoshambuliwa Mandera Novemba 2014 lilikuwa limebeba walimu, wauguzi na watumishi wengine waliokuwa wakienda likizo, na watu 28 waliuawa. Zaidi ya miezi minne baadaye wanafunzi wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mwanzoni mwa 2020 mashambulizi yaliporudi, tume ya kuwaajiri walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki, na madarasa yaliyojengwa kwa pesa nyingi yakabaki na watoto na ubao. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyeondoka. Ninachosema ni kwamba shilingi ya kumsomesha ualimu binti wa Laisamis ni uwekezaji wa miundombinu kama shilingi ya saruji, na faida yake haiondoki na basi la jioni.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu visima ambalo wahandisi huliona mwisho na wazee huliona mwanzo: pale kinapochimbwa. Kisima kipya huvuta watu, watu hujenga, majani yanaisha kilomita nyingi kuzunguka, na pale palipokuwa malisho ya kiangazi panakuwa kijiji. Kikichimbwa kwenye mpaka wa malisho wa jamii mbili, kinaweza kumwaga damu. Majirani zenu Waborana wana mtu wanayemwita aba herega, mwenye mamlaka juu ya zamu ya kunywesha katika kisima. Anajua nani anywe leo na nani kesho, na mgeni ana nafasi yake. Sisi tulikuja na kamati ya wajumbe, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tukaandika katiba ya kurasa sita, na mara nyingi hatukumwuliza mzee hata swali moja. Ikiwa kisima chenu kipo mahali ambapo wazee walikataa, sema hivyo kwenye barua yenu sasa, kabla hakijatengenezwa.

Umeuliza mdai nini. Msidai kisima kipya. Najua kishawishi ni kikubwa, na mwakilishi wadi atawaahidi kwa furaha. Mkipewa cha pili bila fundi mtakuwa na visima viwili vilivyokufa. Dai lenu liwe kifungu cha bajeti chenye jina la ukarabati wa visima vya Laisamis, kiasi chake, na gari la winchi. Dai la pili, ambalo ni la kiufundi na ndilo ninaloliamini kuliko yote: kaunti inunue aina mbili au tatu tu za pampu kwa visima vyake vyote. Nimeona stoo ya kaunti yenye vipuri vya aina nyingi za pampu, na kile kinachotakiwa ndicho ambacho hakipo, kwa sababu kila mfadhili na kila mwanakandarasi alileta yake. Pampu zikifanana, kipuri kimoja kinaokoa vijiji kumi.

Msiende peke yenu. Tafuteni kamati za maji za wadi nzima mwende pamoja, kila moja na karatasi yake: kisima kilichimbwa lini, nani alichimba, kilisimama lini, kimeharibika nini. Orodha hiyo pekee ni silaha, maana nimewahi kukuta kisima kimoja kimehesabiwa mara tatu katika ripoti za taasisi tatu tofauti, kila moja ikidai imekijenga, na siku kilipoharibika hakuna hata moja iliyodai kuwa ni chake. Na mwende kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Anayelalamika Juni analalamikia chungu kilichokwisha kupakuliwa. Mikutano ya kusikiliza wananchi ikifanyika Marsabit mjini, ombeni kwa maandishi ifike Laisamis pia. Na kwenye sanduku lenu, tengeni sehemu ya kila shilingi ya kiangazi katika akaunti ya simu au benki ambayo haitoki bila watu watatu, mmoja wao mama, na iwe haramu kuigusa kwa jambo lolote lisilo mota, bomba au betri.

Kuna pesa nyingine ambazo ni zenu kwa Katiba na saa yake inakwenda. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, hadi yafikie hali ya Wakenya wengine. Sera ya kwanza iliitengea kaunti 14, Marsabit ikiwa ndani. Ya pili, mwaka 2018, ikashuka hadi maeneo madogo na kuyatandaza katika kaunti 34. Hoja yake ina haki, kwa kuwa umaskini upo pia ndani ya kaunti tajiri, lakini sufuria ni ile ile na walaji wameongezeka. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha miongozo ya kuisimamia, kanuni mpya zikapatikana 2021, na miaka ikawa imepotea. Katiba iliipa hazina hii miaka 20. Itakwisha Agosti 2030, isipokuwa zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali kuiongezea muda. Mbunge wako na seneta wako waulizeni hadharani watapiga kura gani, na waulizeni sasa, wakati bado wanahitaji kura zenu.

Na kesho, kabla ya hayo yote, andika barua moja kwa afisa mkuu wa maji wa kaunti. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na inampa siku 21 za kukujibu; akikaa kimya unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kisima kinagusa uhai, na habari inayohusu uhai wa mtu sheria inataka itolewe ndani ya saa 48, kwa hiyo litaje hilo katika mstari wa kwanza. Kisha uliza: kisima chetu kimeandikishwa kama mali ya nani? Mwanakandarasi alikabidhi lini, na dhamana ya mtambo iliisha lini? Bajeti ya mwaka huu ina shilingi ngapi za kutengeneza visima vilivyopo Laisamis, na zimetumika ngapi? Maji ya lori yaliyoletwa kwetu tangu kisima kisimame yamegharimu kiasi gani? Ipeleke mkononi, pamoja na nakala ya kubaki nawe, na usiondoke pale mapokezi mpaka nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe, maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo.